Ukimya wa Kidato cha Kwanza

Kila mwaka, matokeo ya darasa la saba yanapotangazwa na majina ya waliochaguliwa kujiunga na sekondari yakabandikwa, nchi yetu huzungumza juu ya mambo mawili: ufaulu umepanda au umeshuka kwa kiasi gani, na madarasa yanatosha au hayatoshi. Viongozi wa wilaya huagiza kila mtoto aripoti shuleni. Wazazi hukimbizana na sare, viatu na madaftari. Ifikapo katikati ya Februari mjadala huwa umekwisha, kana kwamba mtoto akishapata dawati kazi imekamilika. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mjadala ulipopaswa kuanza, kwa kuwa miezi sita ya mwanzo ya Kidato cha Kwanza huamua mambo mengi ambayo mitihani ya baadaye huja kuyathibitisha tu.

Ninaandika haya kama mhadhiri na kama mzazi. Binti yangu aliingia Kidato cha Kwanza akiwa na miaka 13, katika shule ya kata hapa Morogoro, akitokea shule ya msingi ya Serikali iliyomfundisha kwa Kiswahili. Wenzangu kazini huniuliza, baadhi yao kwa utani na wengine kwa huruma, imekuwaje mtu wa chuo kikuu ampeleke mwanawe huko. Jibu langu ni kwamba shule hizo ndizo zinazosomesha watoto walio wengi nchini. Sisi tunaolipwa mshahara na umma tukiwaondoa watoto wetu wote humo, tutaendelea kuandika ripoti na kutunga sera kuhusu mahali tusipopajua. Simlazimishi mtu anifuate. Naeleza tu ni wapi nilikuwa nimesimama nilipoyaona ninayoyasimulia.

Mwezi wa Machi nilihudhuria kikao cha wazazi. Mwalimu wa darasa alimsifu binti yangu. "Mtoto wako ni mtulivu sana, Mama," aliniambia, "hana usumbufu wowote." Nilishukuru, lakini sifa ile ilinitia wasiwasi. Mtoto ninayemfahamu mimi hakuwahi kuwa mtulivu. Alipokuwa darasa la sita alinibana siku nzima kwa swali moja: ikiwa mimea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, uyoga unaoota gizani hula nini? Sasa alikuwa akirudi nyumbani, anavua sare, anakula, kisha anafungua daftari ambalo halizungumzii na mtu. Nilipomuuliza jioni ile kama kuna jambo linalomsumbua, alinijibu: "Mama, darasani jibu nalijua, ila sijui kulisema. Nikimaliza kulipanga kichwani, mwalimu ameshapita."

Ipo tofauti kubwa kati ya kutojua na kujua bila kuwa na maneno ya kusemea. Mtoto asiyejua anahitaji kufundishwa. Mtoto anayejua lakini hana maneno anahitaji muda, nafasi na lugha. Shule zetu, na wazazi wengi pia, huwaweka watoto hawa wawili katika kapu moja na kuwaita wazito. Madhara yake hujitokeza polepole. Baada ya miezi kadhaa ya kunyamaza, mtoto wa aina ya pili huanza kuamini kwamba yeye ni wa aina ya kwanza, na akishaamini hivyo, huacha kujaribu.

Sisemi kwamba lugha ndiyo badiliko pekee linalomkuta mtoto wa umri huu. Shule ya msingi ilikuwa jirani na nyumbani. Ya sekondari iko mbali, na mtoto huamka kukiwa bado giza. Kituoni anakutana na daladala ambazo haziwataki wanafunzi, maana nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima na konda anaijua hesabu yake. Alizoea walimu wachache waliomjua kwa jina na kwa ukoo. Sasa kila somo lina mwalimu wake, kila mwalimu ana utaratibu wake, na yapo masomo, hasa ya sayansi na hisabati, ambayo yanaweza kupita majuma mengi bila mwalimu. Mwili nao unabadilika. Kwa binti, kukosa taulo za kike kwa siku nne ni kukosa vipindi vya siku nne. Zaidi ya hayo, huu ndio umri ambao kicheko cha wenzake kinamuumiza mtoto kuliko fimbo ya mwalimu. Kutamka neno vibaya mbele ya darasa la wanafunzi 60 si jambo dogo. Ukimya unakuwa ngao yake.

Hata hivyo, mabadiliko hayo mengine yote mtoto angeweza kuyaeleza, kuyalalamikia na kuyaombea msaada kama angekuwa bado na sauti. Lugha ndiyo inayoiondoa sauti yenyewe. Ndiyo maana nimeamua kuijadili peke yake.

Vijana wanaosoma makala hii huenda wasijue kwamba jambo hili lilikwisha kutafakariwa zamani na kutolewa mapendekezo. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za umma mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1982, Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia Kidato cha Kwanza kuanzia 1985, kisha kipande hadi vyuo vikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ililirudia wazo hilo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ikatamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Hadi leo, mtoto anayemaliza darasa la saba katika shule ya kawaida ya Serikali huagana na Kiswahili Septemba na kukutana na baiolojia, kemia, fizikia na jiografia kwa Kiingereza Januari. Kozi fupi ya utangulizi wa Kiingereza huwekwa katikati. Majuma machache hayawezi kufanya kazi ambayo miaka 7 haikuifanya.

Wakati huohuo taasisi nyingine zimesonga mbele. Bunge linajadili bajeti kwa Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Mwaka huohuo UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nasi huiadhimisha kwa hotuba na ngoma. Tumeamini kwamba Kiswahili kinatosha kuamulia kesi ya mauaji na kupitishia matrilioni ya fedha za umma, lakini hakitoshi kumweleza mtoto wa miaka 13 sehemu za seli.

Katika shule nyingi hali haiishii kwenye kufundisha tu. Binti yangu alinisimulia habari za kibao cha mbao kinachotembea shuleni kwao. Anayesikika akisema Kiswahili hukabidhiwa, naye hukishika mpaka amnase mwenzake. Atakayekutwa nacho mwisho wa siku hupewa adhabu. Wasomaji wenye umri wangu wanakikumbuka kibao hicho kwa majina mbalimbali. Madhumuni yake ni kuwazoeza watoto Kiingereza. Kinachotokea ni kwamba watoto wanazoezwa kupelelezana, na walio wengi hujifunza kuwa njia salama ya kupita siku ni kufunga mdomo.

Nyumbani tulianza na jambo dogo. Kila jioni, kabla ya kazi za shule, nilimwomba anieleze kwa Kiswahili jambo moja alilofundishwa siku hiyo, moja tu, kama anavyomweleza mtu ambaye hajasoma somo hilo. Sikumsahihisha Kiingereza wala sikumfundisha upya. Nilisikiliza na kuuliza maswali. Siku za mwanzo alijibu kwa sentensi moja. Baada ya majuma mawili, alipokuwa akinieleza utando wa seli, alisema: "Mama, ni kama konda mlangoni. Anaamua nani apande na nani abaki kituoni." Hapo nilijua kwamba somo limemwingia. Kitabu kilikuwa kimempa maneno ya kukariri. Mfano ule alikuwa ameutunga mwenyewe kutokana na shida yake ya kila asubuhi.

Jambo la pili lilikuwa daftari. Upande wa kushoto wa kila ukurasa aliandika neno la Kiingereza la somo, upande wa kulia neno la Kiswahili, na chini yake sentensi moja kwa kila lugha. Haraka akagundua kwamba mengi aliyodhani ni mapya aliyajua tangu shule ya msingi. Kani, maada, tungamo, usanisinuru, mmeng'enyo wa chakula: yote alikwisha kuyasoma na kuyajibia mtihani. Hakuna aliyemwambia kwamba vitu ni vilevile, majina ndiyo yaliyobadilika. Nadhani huu ndio upotevu mkubwa kuliko wote katika mfumo wetu. Tunamfundisha mtoto sayansi kwa miaka kadhaa, kisha tunamwacha aamini kuwa anaanza upya akiwa mtupu.

Jirani yangu, mama anayeuza mboga sokoni, ana kijana katika darasa hilohilo. Siku moja aliniambia, "Mwalimu, wewe una elimu. Mimi Kiingereza sikijui, nitamsaidiaje mwanangu? Daftari lake nikilifungua naona giza." Naamini kauli hiyo inasemwa katika nyumba nyingi nchini. Alipokuwa shule ya msingi, mama huyu aliweza kumfuatilia mwanawe, kumuuliza, hata kumgombeza kwa hoja. Sekondari imemtoa nje ya elimu ya mtoto wake kwa namna ambayo hata ada haikuwahi kumtoa. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa hadi Kidato cha Nne, lakini ukuta huu wa lugha haujaguswa.

Nilimjibu kwamba msaada ninaoutumia mimi hauhitaji Kiingereza hata chembe, unahitaji Kiswahili na subira. Alikwenda akabuni njia yake, bora kuliko yangu. Alimuuliza kijana: nimenunua tenga la nyanya kwa shilingi 30,000, robo yake imeoza, je, bei ya kila fungu niipandishe kiasi gani nisipate hasara? Kijana alikaa chini, akagawa, akazidisha, akamwambia mama yake aongeze theluthi moja ya bei. Ni jibu sahihi. Hesabu ya aina hiyohiyo alikuwa ameikosa darasani juma lililotangulia, ilipoandikwa kwa sentensi nne za Kiingereza. Mama alikuja kunieleza habari hiyo akiwa na furaha iliyochanganyika na hasira, na hasira yake naielewa. Alikuwa ameambiwa kuwa mwanawe hajui hesabu.

Mimi, mama huyo na wazazi wengine wawili tulikwenda kuonana na makamu mkuu wa shule. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na shule nyingi za kata huwaona wazazi siku ya kuripoti na siku ya kuitwa kwa utovu wa nidhamu wa mtoto tu. Hatukwenda kulaumu. Tulimsikiliza, na alikuwa na hoja: "Mama, mtihani unakuja kwa Kiingereza. Nikiwaachia Kiswahili na matokeo yakashuka, atakayeitwa kujieleza ni mimi." Upimaji wa Taifa wa Kidato cha Pili hauko mbali kwa mtoto wa Kidato cha Kwanza, na mwalimu naye ana wakubwa wake. Kumtwisha mwalimu mzigo wa sera ambayo hakuitunga si haki.

Kwa hiyo hatukumwomba akiondoe Kiingereza. Tulimwomba mambo matatu. La kwanza, mtoto asiadhibiwe kwa sababu ya lugha. La pili, wanafunzi waruhusiwe kujadiliana kwa Kiswahili katika vikundi kabla ya kutoa jibu kwa Kiingereza. La tatu, kila mada ianze kwa orodha ya maneno yake muhimu katika lugha zote mbili. Makamu alikubali la pili na la tatu kwa majaribio, kwa walimu watakaopenda. Kuhusu kibao, alisema kisiingie tena darasani. Nje ya darasa bado kipo. Mwalimu wa baiolojia ndiye aliyekuwa wa kwanza kujaribu. Mwezi wa Juni binti yangu aliuliza lile swali la uyoga mbele ya darasa, akaanza kwa Kiingereza, akakwama, akamalizia kwa Kiswahili. Mwalimu hakumkatisha. Aliligeuza swali zima kwa Kiingereza, akawaachia wanafunzi walijibu. Siwezi kusema matatizo yamekwisha. Alama zake za fizikia bado ni za chini, na somo la hisabati lilikaa muhula mzima likifundishwa kwa kuunganisha mikondo miwili. Lakini mtoto ameanza kuuliza tena.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa kuwa nalisikia kila nikizungumzia jambo hili: Kiingereza ni lugha ya dunia, je, unataka kuwafungia watoto wa maskini mlango ambao wa matajiri wanaupita? Swali ni la haki na linastahili jibu. Nataka watoto wote wakijue Kiingereza, tena vizuri. Lakini kufundisha Kiingereza ni kazi moja, na kufundisha kemia kwa lugha ambayo mwanafunzi hajaimudu ni kazi nyingine, na tulivyozichanganya tumezipoteza zote mbili. Mtoto aliyekariri fasili ya asidi kwa maneno asiyoyaelewa hakujifunza kemia, na Kiingereza pia hakukijua. Ninawapokea matokeo ya utaratibu huu chuoni: vijana wenye akili nzuri, waliofaulu mitihani mingi, ambao ukiwauliza wanafikiri nini juu ya jambo huinamisha macho. Nikiwaambia waseme kwa Kiswahili, ukumbi hugeuka. Kuna wakati nashindwa kupata nafasi ya kuendelea na mhadhara.

Kwa hao matajiri, jambo lililo wazi ni kwamba watoto wao hawapiti mlango huu. Walisoma kwa Kiingereza tangu chekechea, na Kidato cha Kwanza kwao ni darasa linalofuata tu. Mtoto wa mkulima na wa muuza mboga ndiye anayetakiwa kubadili shule, lugha na umri kwa wakati mmoja. Tunawapima wote kwa karatasi moja ya mtihani kisha tunauita ushindani.

Jambo hili lina haraka ya pekee sasa. Chini ya sera ya elimu iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2023, elimu ya lazima itakuwa ya miaka 10, yaani 6 ya msingi na 4 ya sekondari ya chini. Mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza shule ya msingi pamoja, na Januari 2028 makundi yote mawili yataingia Kidato cha Kwanza. Nasikia mipango ya madarasa, vyoo na ajira za walimu, na yote inahitajika. Sijasikia mpango wa namna watoto hao, ambao baadhi yao watakuwa wadogo kwa mwaka mzima kuliko tuliowazoea, watakavyovuka kutoka lugha moja hadi nyingine.

Wapo watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wenye uwezo wa kuandika waraka. Naomba ziandikwe nyaraka mbili ambazo hazihitaji fedha nyingi: mmoja wa kupiga marufuku kumwadhibu mwanafunzi kwa kusema Kiswahili, na mwingine wa kuruhusu rasmi lugha zote mbili katika majadiliano ya darasani, ili mwalimu anayefanya hivyo kwa busara asifanye kwa kujificha. Vitabu vya Kidato cha Kwanza vinaweza kuongezewa orodha ya istilahi za lugha mbili mwishoni mwa kila sura. Istilahi zipo tayari katika kamusi zetu na katika vitabu vya shule ya msingi. Wanaharakati wa elimu, ambao wamefanya kazi kubwa kuhusu ada, mimba na viboko, walichukue hili pia kama suala la haki. Nanyi wanafunzi wangu mnaorudi nyumbani likizo, mdogo wenu aliye Kidato cha Kwanza yupo hapo sebuleni. Mwombeni awaeleze kwa Kiswahili alichojifunza juma hili, halafu msikilizeni mpaka amalize.